Kifungu cha Kuachana

Mkataba wa kitabu ukinifikia, sianzii kwenye malipo. Natafuta kwanza kifungu kinachosema tutaachanaje. Nikikikosa, au nikikuta kimegusiwa juujuu kwa mistari miwili, najua mazungumzo bado hayajaisha, hata kama asilimia waliyoniwekea inapendeza.

Mazoea haya sikufundishwa na mwandishi wala wakili. Niliyapata hapa Mwanza, kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kabla sijachapisha hata hadithi moja. Nilikuwa karani: napima mzigo, najaza daftari, na mara kwa mara nawasomea watu karatasi zao kwa sauti. Nyingi zilikuwa karatasi za mkopo. Wakala anampa mwenye mtumbwi injini na nyavu, au karabai na mafuta ya kuvulia dagaa, naye mwenye mtumbwi anaahidi kumuuzia huyo wakala peke yake mpaka deni liishe. Bei anapanga wakala. Msimu ukiwa mbaya deni linapanda, nyavu zikichanika anakopeshwa nyingine. Karatasi imeandika "mpaka deni liishe" basi. Nani anapiga hesabu ya deni? Anaionyesha lini? Mvuvi akipata hela leo akataka kulipa lote aondoke, anaondokaje? Hakuna mstari. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wamefungwa miaka na ukurasa mmoja, na kilichowafunga ni neno ambalo halikuandikwa.

Kwa hiyo riwaya yangu ya kwanza ilipopata mchapishaji wa Dar es Salaam, na mkataba ukaja kwa barua pepe, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu, nilikwenda steshenari moja ya Makoroboi nikautoa kwenye karatasi, nikaukalia kwa kalamu ya risasi. Kifungu cha haki kilisema nampa mchapishaji haki za kuchapisha kitabu hicho katika lugha zote, kwa maumbo yote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki.

Muda wote wa hakimiliki ni muda mrefu kuliko mtu anavyodhani akiwa ameshika kalamu ya kusaini. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya maandishi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mfano wetu wa karibu uko hapo ng'ambo ya maji, Ukerewe. Mwandishi Aniceti Kitereza alimaliza mswada wa riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ukaja kuchapwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye, naye akafariki mwaka 1981. Piga hesabu: ulinzi wa kazi yake unafika mwisho wa mwaka 2031. Mwandishi anayesaini "muda wote wa hakimiliki" anawasainia wajukuu ambao hajawaona.

Nikampigia mhariri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwandishi wetu. Umeshasaini?"

"Bado, mzee. Nina swali. Kitabu kikiisha na ninyi hamna mpango wa kukichapa tena, mswada unarudi kwangu lini?"

Kimya kidogo. "Sasa dada, mbona unawaza mwisho na hata hatujaanza?"

"Kwa sababu leo tunaelewana, mzee. Siku tukikosana hatutakubaliana hata saa ya kukutana."

Namshukuru yule mzee mpaka leo, kwa sababu hakukasirika. Alisema niandike ninachotaka, atakipeleka mezani. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo waandishi wengi wanalikosa kwa woga tu: mkataba unaoletewa ni rasimu. Kama umeandikwa kwenye kompyuta, unaweza kubadilishwa kwenye kompyuta. Wakikataa, wamekataa, na bado hujapoteza kitu.

Kuandika kifungu chenyewe kulinichukua muda, na wakili mmoja wa Nyegezi, mtu mwenye subira sana, alinisaidia kuona mitego. Rasimu yangu ya mwanzo ilisema haki zinarudi "kitabu kikiisha sokoni". Akaniuliza, "Dada, kitabu kilichowekwa mtandaoni kama faili kinaisha lini?" Hakiishi. Faili halina ghala. Mchapishaji anaweza kuliacha hapo hata miaka 20, anauza nakala mbili kwa mwaka, na kwa karatasi kitabu bado "kipo". Wakili akaniambia nisipime uhai wa kitabu kwa kuwepo kwake, nipime kwa mauzo. Tukaandika hivi: mauzo ya maumbo yote kwa jumla yakishuka chini ya nakala 100 kwa mwaka mmoja wa hesabu, mwandishi anaweza kumtaka mchapishaji kwa maandishi akichape tena kitabu. Siku 90 zikipita bila yeye kukichapa au kutoa tarehe ya kukichapa, haki zote zinarudi kwa mwandishi bila kuhitaji ridhaa nyingine. Nakala zilizobaki, mwandishi ana nafasi ya kwanza ya kuzinunua kwa gharama ya uchapaji.

Tulivutana kwenye ile 100. Wao walitaka 50. Tukaishia 75.

Miaka kadhaa baadaye kitabu kilikuwa kimelala. Walimu wa sekondari wa Magu na Sengerema walikuwa wananiulizia nakala, mimi sina, duka la mjini halina, Dar wanasema "iko kwenye mpango". Yule mhariri mzee alishastaafu. Nikaomba taarifa ya mauzo, nikaona namba imeshuka chini ya kiwango chetu, nikaandika barua. Nilituma kwa barua pepe, na nyingine kwa rejista pale posta ili nibaki na stakabadhi yenye tarehe. Siku 90 zilipita bila tarehe yoyote ya kuchapa. Barua ya pili ilikuwa fupi: kwa mujibu wa kifungu fulani, haki zimerudi kwangu kuanzia tarehe fulani, naomba mthibitishe. Wakathibitisha. Hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyekwenda mahakamani. Kazi yote kile kifungu kilikuwa kimeshaifanya.

Jambo moja linawashtua wengi hapo. Haki zikirudi, yanayorudi ni maneno yako. Mchoro wa jalada na faili la kurasa zilizopangwa havirudi pamoja nayo, isipokuwa mkataba useme vingine. Nilimlipa mchoraji wa hapa Mwanza jalada jipya, na safari hii nilimwandikia na yeye karatasi inayosema nalitumia wapi na kwa muda gani, maana naye ni mtunzi na sheria ile ile inamlinda. Toleo jipya likapata ISBN yake mpya, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kitabu kikarudi sokoni.

Sasa nije kwenye pesa, ambako watu wote hukimbilia. Asilimia peke yake haina maana mpaka ujue ni asilimia ya nini. Chukua kitabu cha shilingi 10,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni shilingi 1,000 kwa kila nakala. Lakini mikataba mingi inasema asilimia 10 ya mapato halisi, yaani kile kinachomfikia mchapishaji baada ya kumpunguzia mwenye duka. Akimpunguzia asilimia 40, kinachomfikia ni 6,000, na mrabaha wako, yaani fungu la mwandishi, ni 600. Zote mbili ni 10. Kwa nakala 1,000, tofauti ni shilingi 400,000, na hiyo ni ada ya mtoto. Silaumu mchapishaji kwa kulipa kwa mapato halisi. Karatasi, gari na duka vina gharama. Ninachotaka ni kifungu kieleze nini kinatolewa kabla ya kufika kwenye hayo "halisi", taarifa ya mauzo iletwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama hakijauzwa kitu, na mwandishi awe na haki ya kumleta mhasibu akague vitabu vya hesabu. Bila hiyo haki ya kukagua, asilimia inabaki kuwa neno la mtu. Na usisahau kodi ya zuio: mchapishaji anapaswa kuikata kwenye mrabaha, nawe una haki ya kupewa cheti cha makato hayo.

Malipo ya awali nayo watu huyaita zawadi. Mara nyingi ni mrabaha wako mwenyewe unaopewa mapema, utakatwa kwenye mauzo mpaka uishe. Uliza: kitabu kisipouza, nitarudisha? Kifungu kizuri kinasema hapana.

Watu wakishajua kwamba unasoma mikataba, wanakuja. Aliyenikaa moyoni zaidi ni mjane wa mwalimu mmoja mstaafu, alitoka Misungwi na bahasha ya kaki kifuani. Mumewe aliandika kitabu cha hadithi za watoto, kikanunuliwa na kampuni moja kwa malipo ya mara moja. Kilikuwa kinasomwa shuleni, ameona watoto wa jirani wanacho, na yeye alitaka kujua kama kuna chochote kwa ajili ya nyumba yake. Alikaa kwenye kiti mbele yangu, akaitoa karatasi taratibu. Ilikuwa nusu ukurasa, imeandikwa kwa mkono: "Nimeuza kitabu changu kwa kampuni, nimepokea fedha zote, sina madai." Saini ya mwalimu, tarehe, muhuri wa kampuni umekaa pembeni.

"Mwanangu, imeisha?" akaniuliza.

Nilimwambia, "Mama, mimi si wakili. Lakini hii karatasi haisemi ameuza nini."

Na kweli haikusema. Kitabu ni nakala? Ni mswada? Ni haki ya kuchapa toleo moja, au hakimiliki yenyewe? Sheria yetu inatambua kwamba haki za kiuchumi za mtunzi zinaweza kuhamishwa, na inataka uhamisho huo uwe kwa maandishi. Karatasi isiyotaja haki inaacha swali wazi. Kabla ya swali hilo kuulizwa, lakini, ilibidi mama apate mamlaka ya kuliuliza. Hakimiliki ni mali kama shamba na ng'ombe, inaingia kwenye mirathi, na kampuni haina sababu ya kuzungumza na mtu ambaye hajateuliwa msimamizi. Walikaa kikao cha ukoo, wakapeleka maombi Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa. Wakili wa Nyegezi akaandika barua ya ukurasa mmoja. Kampuni ilijibu kwa ukali mwanzoni, halafu ikalainika, na mwisho ikakubali mkataba mpya wa toleo lililofuata, wenye mrabaha. Toleo la zamani hawakulipia kitu. Mama aliridhika. Mimi sikuridhika, na bado nadhani mwalimu yule alistahili zaidi, lakini uamuzi ulikuwa wake.

Tangu hapo nawaambia waandishi wenzangu wawaambie watu wa nyumbani mikataba iko wapi. Uwe na faili moja, mtu mmoja ajue lilipo.

Kumwandikia mtu mwingine kitabu chake ni eneo lenye mashimo zaidi kuliko riwaya. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini alitaka niandike maisha yake. Mzee mchangamfu, anakusimulia jinsi alivyoanza na baiskeli moja ya kubeba samaki mpaka unasahau chai inapoa. Nilipotaja mkataba akanishika mkono: "Mama, sisi Wasukuma ni watu wa neno."

"Ndiyo maana tuliandike, mzee, lisipotee."

Kisheria neno lake lilitosha. Sheria yetu ya Mikataba inakubali hata makubaliano ya mdomo, ilimradi watu wamekubaliana kwa hiari, wana umri na akili timamu, kuna malipo au jambo lenye thamani linalobadilishwa, na lengo ni halali. Shida ya neno la mdomo ni kulithibitisha, na kumbukumbu za watu wawili hupishana zaidi wakati pesa zimeshaingia kati. Tukaandika. Malipo kwa awamu tatu: theluthi siku ya kusaini, theluthi nikikabidhi rasimu ya kwanza, theluthi rasimu ya mwisho. Akisitisha katikati, awamu niliyoifanyia kazi inalipwa. Marekebisho ni mara mbili, baada ya hapo ni kazi mpya. Jina langu litakaa ukurasa wa ndani, "kama alivyomsimulia", na jalada ni lake. Hakimiliki tukaitaja kwa jina, nani anabaki nayo, kwa sababu mtu anayelipia kazi huamini ameinunua yote na anayeiandika huamini amebaki nayo yote, na wote wawili wako wakweli moyoni. Ukiwa mwajiriwa na umeandika katika kazi ya ajira yako, mwenye haki ni mwajiri mpaka mkataba useme vingine. Mimi sikuwa mwajiriwa wake, kwa hiyo sikutaka suala hilo libaki hewani.

Mvutano ulikuja kwenye sura ya saba. Mzee alikuwa na mshirika wa zamani ambaye, kwa maneno yake, alimwibia mtumbwi mzima wa mzigo na kukimbilia ng'ambo. Alitaka jina liandikwe. Rasimu ya mkataba aliyoniletea karani wake ilikuwa na kifungu kinachosema mwandishi atafidia hasara zote zitakazotokana na kitabu. Zote! Mtu akienda mahakamani kwa kashfa, mimi niuze nyumba ya Buswelu kwa ajili ya mtumbwi ambao sikuuona. Nilikaa naye tena, tukagawanya: ukweli wa habari anazonipa ni dhamana yake, uhalisi wa maandishi, yaani kwamba sijanakili kwa mtu, ni dhamana yangu. Na fidia yangu haitazidi kile nilicholipwa. Karani alipinga, mzee akamwambia, "Mwache, ana haki." Jina la mshirika likatoka. Sura ikawa nzuri zaidi, kusema kweli, maana mzee alilazimika kusimulia alivyojisikia badala ya kumtukana mtu.

Vijana wanaoandika riwaya za wasapu, sehemu kwa sehemu, msomaji analipa kwa simu ndipo aongezwe kwenye kundi, wananiambia mikataba haiwahusu. Inawahusu sana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia hizo na inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Ukimwandikia mtayarishaji wa filamu "sawa, chukua stori, tutaongea hela", umeshasema kitu. Usifute mazungumzo, na mkikubaliana kwa simu, mtumie ujumbe: "Kama tulivyoongea leo, ni hivi na hivi." Hakimiliki yako inazaliwa pale unapoandika, haingoji usajili, ila cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kinakusaidia sana siku unapotakiwa kuonyesha nani alianza.

Kuna vifungu vya mwisho wa mkataba ambavyo macho hufika yakiwa yamechoka. Mahakama ya wapi? Kama ni Dar es Salaam peke yake, jiulize nauli, malazi na kazi utakayoiacha kila kesi ikiahirishwa, wakati Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Mwanza. Lugha ipi? Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na sioni sababu ya Watanzania wawili wanaouziana riwaya ya Kiswahili kufungana kwa Kiingereza. Ikibidi ziwe lugha mbili, kitajwe Kiswahili kuwa ndicho kitakachofuatwa maana zikitofautiana. Ushuru wa stempu ulipwe mapema, maana hati inayopaswa kulipiwa na haijalipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe. Na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Ukimya wa kumwonea mtu aibu unaweza kukumalizia muda wako.

Juma hili niko na mkataba mwingine mezani, wa riwaya ya pili. Malipo ni mazuri, kifungu cha kuachana wamekikubali kama nilivyokiandika. Tumekwama kwenye mstari mmoja unaompa mchapishaji haki za sauti na za "teknolojia yoyote itakayobuniwa baadaye". Sauti nimewapa kwa miaka 5, na wasipoirekodi ndani ya miaka 2 inarudi kwangu. Ya baadaye nimeikata kwa kalamu, nikaandika pembeni kwamba kitakachobuniwa tutakijadili kikishabuniwa. Mhariri wao, binti mwerevu, ananiita shangazi, amenipigia jana kusema bodi yao haipendi mistari iliyokatwa. Nimemwambia aiandike upya kwa usafi, bila ule mstari, nami nitasaini wakili akirudi kutoka Geita.